Kiapo Changu na Mkeka wa Nasra

Kwa muda mrefu watu wakiniuliza habari za siku ile, mimi husema tu kwamba king'ora cha moto cha jengo kililia tukashuka, kisha nabadilisha mazungumzo, maana yaliyobaki yananitia haya mpaka leo. Lakini nyinyi ni wenzangu, na baadhi yenu mnasomesha wajukuu nyumbani kama mimi, basi leo nitayasema yote na Mola anisitiri.

Mwanangu Rukia ni muuguzi hapa Doha. Alipowaleta watoto wake watatu kutoka Mombasa katikati ya mwaka, kila shule aliyobisha hodi ilimwambia nafasi zimejaa, asubiri Septemba, na mimi, niliyefundisha madrasa ya wasichana kule Kisauni tangu meno yangu yote yakiwa kinywani, nikamwambia aniachie. Tukatandika mkeka wa ukili sebuleni, ghorofa ya tatu, Al Mansoura, na kila asubuhi baada ya chai tukasoma. Idrisa ana miaka kumi na mmoja, Salma ana tisa, na hawa wawili ukiwaambia andika, wanaandika. Wa tatu ni Nasra, miaka mitano, ambaye ukimwambia andika atakuuliza kwa nini, na ukimjibu atakwambia, "Nitaandika nikitaka mwenyewe." (Marehemu mama yangu angekuwepo angecheka sana, kwa kuwa alinilea mimi.)

Siku hiyo nilimpa mstari mmoja asome, maneno manne tu: Mama amerudi kutoka kazini. Jana yake nilimsikia akimsomea mwanasesere wake bila kukwama, kwa hiyo nilijua anaweza. Akafumba mdomo. Nikambembeleza, nikamuahidi tende, nikanyamaza, nikarudi tena, na wale wakubwa wawili wakaacha hesabu zao wakawa wanatutazama waone nani atashinda. Hapo ndipo nilipokosea. Nikasema, "Wallahi, hutoki kwenye mkeka huu mpaka usome mstari huo."

Sasa sikilizeni. Wiki moja kabla nilikuwa nimewafundisha kwamba kiapo si mchezo, kwamba anayemtaja Mwenyezi Mungu kisha akavunja neno lake ameandikiwa dhambi ya kumtia motoni. Nusu ya pili ya somo hilo, kwamba mtu akiapa kisha akaona jambo lililo bora zaidi, basi alitende hilo lililo bora na atoe kafara ya kulisha maskini kumi, niliiweka kwa wiki inayofuata. Nilidhani mtoto aanze na hofu, rehema atakutana nayo mbele.

King'ora kikalia.

Nikawaambia watoto wasimame. Wawili wakasimama. Nasra akabaki amekunja miguu, macho yamemtoka. Nikamwambia basi soma haraka twende, akafungua kitabu, haikutoka hata silabi, na kelele ile ilikuwa inapasua masikio. Nikamwambia inuka. Akasema, "Umeapa, Bibi."

Palepale ningesema nimekosea, inuka mwanangu, kafara nitatoa. Ni maneno mangapi hayo? Lakini Idrisa na Salma walikuwa wananitazama, na nafsi yangu, iliyofundisha miaka arobaini, ikaona uzito kujikosoa mbele ya wanafunzi. Ikanitafutia hila. Nilisema hatoki kwenye mkeka, sikusema mkeka hautoki nyumbani.

Mlango ukagongwa, ni Wafula, mlinzi wa jengo, kijana wetu wa Bungoma, akaniambia, "Mama, shukeni sasa, lifti imezimwa." Nikamweleza kwamba huyu atashuka na mkeka wake. Akanitazama, akamtazama mtoto, akasema, "Mama, nimbebe tu mgongoni?" Nikamwambia hapana, kuna kiapo. Akashika pembe moja, mimi moja, Idrisa na Salma pembe za nyuma, na Nasra, aliyekuwa na gauni la ndani tu kwa sababu ya joto, akaona haya ya watu, akavuta mtandio wangu mweupe wa kusalia, akalala akajifunika gubigubi.

Mmeshaona tunakoelekea. Mimi sikuona, nilikuwa natazama ngazi.

Tulipotokea uwanjani, wapangaji wa jengo zima wakatupisha njia. Mzee mmoja Msudani wa ghorofa ya kwanza akasema "Inna lillahi" kwa sauti ya chini, na wanaume watatu ambao sijawahi hata kuwajua majina wakaja mbio na nyuso zimeinama, wakatupokea mkeka kwa heshima kama inavyopasa kupokea jeneza. Nikafungua mdomo niwaeleze, na nielezeje? Wakati huohuo basi la wafanyakazi wa hospitali likasimama langoni, na Rukia akateremka.

Aliona Idrisa analia (alikuwa analia kwa sababu nilimkaripia ngazini). Aliona Salma. Akahesabu wanawe, akatazama kile kilichofunikwa. Akakaa chini kwenye lami ya moto na mfuko wake ukamwagika.

Nasra akasikia jina la mama yake likitajwa, akafunua mtandio, akaruka kutoka mkekani na kumkimbilia. Kuna watu walicheka, wengine walimshukuru Mungu kwa sauti, na mzee Msudani akanitazama mara moja tu, na ile mara moja ilinitosha. King'ora kumbe kiliamshwa na moshi wa ubani wa jirani.

Nasra hakucheka. Akamshika mama yake shingoni, akageuka kwangu, analia, "Bibi, nimetoka na sijasoma. Sasa utaandikiwa dhambi?"

Ndipo nikafahamu. Kule juu sikuwa nashindana na kichwa kigumu. Mtoto alikuwa ananilinda mimi na moto niliomfundisha kuuogopa.

Rukia hakunikemea. Jioni alisema tu, huku anatazama pembeni: "Mama, ungesema tu kwamba umekosea." Akaongeza kwamba anafikiria kuwatafutia mwalimu mwingine, na kwa siku tatu tuliishi kwa salamu na sahani.

Siku ya nne nikawaweka watoto chini, mama yao akiwepo, nikawafundisha ile nusu ya pili. Nikasema, "Bibi alikosea. Aliapa kwa hasira, kisha akaona haya kurudi nyuma." Tukapika pilau, tukawalisha wafanyakazi kumi wa mtaani kwetu wenye hali ngumu, na Nasra ndiye aliyepeleka kila sahani. Ya kumi ilipotoka akaniuliza kama dhambi ya kiapo imekwisha. Nikamwambia tunataraji.

Akaenda akaleta kitabu, akakaa karibu na Rukia, sakafuni, mbali na mkeka, akasoma bila kuombwa na mtu: "Mama amerudi kutoka kazini."

Rukia akasema kesho atapitia dukani kununua penseli nyingine. Habari ya mwalimu mwingine hatujaisikia tena.

Mkeka ule tunaukalia bado. Ila jina la Mola wangu sitalitumia tena kumtisha mtoto, na nikikosea mbele yao nasema siku hiyohiyo, king'ora kilie kisilie.