Maziwa ya Kuteremsha Vumbi

Siku yangu ya kwanza kiwandani Changamwe, fomeni alinikabidhi ovaroli moja, kisu kifupi na pakiti ya maziwa.

"Maziwa ya nini, bwana fomeni?"

"Ya kuteremsha vumbi. Kunywa kila siku, kifua kitakuwa safi."

Nikamwamini. Mtu mzima mwenye kalamu sikioni angenidanganyia nini?

Kazi yetu ilikuwa kuvisha mabomba ya mvuke ili yasipoteze joto wala kumchoma anayepita. Tulitumia asbesto, nyuzi za mawe zisizoshika moto. Unga wake tuliukoroga kwa maji ukawa kama uji, tukaupaka kwa mikono, kisha tukazungushia kitambaa cheupe. Likikauka, tulisema bomba limevaa kanzu. Kuvisha hakukuwa na taabu. Taabu ilikuwa kuvua kanzu kuukuu, maana ukiikata tu chumba kizima cha boila huwa cheupe, na mwenzako aliye hatua mbili unamjua kwa kikohozi. Bafu lilikuwepo, maji hayakuwepo, basi tulirudi makwetu na vumbi letu.

Kwangu ni Likoni. Mke wangu, Mwanaidi, alikuwa na mimba ya kwanza na chakula kilimshinda, kwa hivyo ile pakiti nikawa siinywi, nampelekea yeye. Alinipokea uani, akaichukua ovaroli na kuikung'uta ukutani kabla ya kuiroweka, nami nikampa maziwa.

"Na wewe je?" aliniuliza.

"Nishakunywa yangu. Twapewa mbili."

Tulipewa moja. Mimba ikapita, mtoto akaja, na mtindo ule ukabaki.

Nikahamishiwa karakana ya meli, kisha boila za hoteli kule Shanzu, mwisho nikarudi Changamwe nikiwa fomeni mimi mwenyewe. Niligawa pakiti kwa maneno yale yale niliyoambiwa. Siku moja mkaguzi aliuliza barakoa zetu ziko wapi, na meneja akamwonyesha friji ya maziwa. Wallahi tulijivunia friji ile! Nikiikumbuka sasa nachoka. Baadaye asbesto ikakatazwa, tukaletewa sufi ya glasi, nami nikastaafu na saa ya ukutani.

Mwaka huu Mwanaidi alianza kukohoa na kupungua. Hospitalini, daktari, binti mpole mwenye umri wa wajukuu zetu, alimwamkia kwanza.

"Shikamoo, bibi. Umewahi kuvuta sigara?"

"Astaghfirullah, mwanangu!"

"Kazi ya vumbi je?"

"Mimi sijaajiriwa maisha yangu. Mwenye kazi ni huyu hapa."

Mwanaidi alipoitwa kutolewa damu, daktari aliniambia ni saratani ya mapafu, akaniuliza kazi yangu. Nikamweleza yote, hata ovaroli. Aliacha kuandika.

"Vumbi la nguoni nalo huingia kifuani, babu. Na huweza kukaa miaka mingi kabla ya kuonyesha."

"Na maziwa?"

"Maziwa huenda tumboni. Mapafuni hayafiki."

Vijana wakiniuliza ufundi wa zamani, nawaambia neno moja tu: nguo za kazi zivueni kazini. Wengine hucheka. Sina nguvu ya kubishana nao.

Jioni ile tulipotoka hospitali nilimwambia mke wangu ugonjwa wake, na kwamba umetoka kwenye ovaroli yangu. Alikunja leso yake, akaikunjua.

"Ulikuwa wajua?"

"Wallahi sikujua."

"Basi." Kisha akaniangalia. "Na kifua chako wewe?"

"Kizima. Wamekipiga picha."

"Alhamdulillahi," akasema, na uso wake ukatulia kidogo. "Ni yale maziwa. Afadhali wewe ulikuwa wanywa."

Nilitaka kumwambia.

"Nilikuwa nanywa," nikamjibu, nikaenda kukipeleka kikombe chake jikoni.