Mjane wa Punda Kwato

Fundi cherehani mmoja aliishi miaka mingi na mume asiyesema. Majirani walidhani wamenuniana, kumbe wapi. Mumewe ndiye aliyekuwa sauti ya Kwato, yule punda wa katuni anayechelewa kila mahali na kuomba radhi hadi kwa mawe. Studioni alikuwa akibana koo na kulia kipunda tangu asubuhi, akirudi nyumbani koo linawaka moto. "Koo ndilo jembe langu," ananong'ona, anakunywa maji yake ya vuguvugu, basi. Mkewe akazoea kusoma nyusi. Akajipa moyo: akistaafu, tutaongea mpaka tuchokane.

Hakustaafu. Uvimbe ulimwota kooni, madaktari wakamtoboa shingo. Sauti ikaondoka kwanza, mwenyewe akaifuata.

Mashabiki wakaandaa kumbukumbu katika ukumbi wa shule. Mjane alikwenda na wifi yake, dada wa marehemu, wakakalishwa mbele. Ukumbi ulifurika watu wazima na ndevu zao, wamevaa masikio ya punda ya kadibodi. Muuza nyama mmoja, pande la mtu, alishika kipaza sauti akalia kabla hajasema.

"Baba akilewa alikuwa ananitandika. Mimi najifungia na runinga. Kwato ananiambia, 'Taratibu, rafiki, hata wenye kuchelewa hufika.' Yule mzee ndiye aliyenilea, jamani."

Wakafuatana mmoja baada ya mwingine, kila mtu na lake. Mjane alisikiliza kama mke anayeambiwa leo kwamba mumewe alikuwa na nyumba nyingine, yenye watoto tele, na huko hakunyamaza hata siku moja.

Binti mmoja akamwinamia. "Mama, nyumbani si mlikuwa mnacheka mbavu hamna?"

"Mno," akajibu. Wifi yake akatazama sakafu.

Kisha meneja wa studio akapanda jukwaani na kijana mwembamba. Kwato ataendelea, alisema, na sauti mpya ni hii. Kijana akavuta pumzi: "Samahani, mawe! Samahani, nyasi! Njia ilinichelewesha!"

Ilikuwa ile ile, haikupungua wala kuzidi. Ukumbi mzima ulisimama. "Amerudi!" alipiga kelele muuza nyama, machozi na kicheko vimechanganyika. Hata wifi alipiga makofi, kisha akaona haya, akaficha mikono mapajani.

Kijana akashuka, akapiga goti mbele ya mjane, akampa mkono. "Shikamoo, mama. Nisamehe kama nimekutonesha."

"Marahaba. Una mke, mwanangu?"

"Ninaye."

"Msemeshe."

Kijana akatabasamu, akajigusa shingo. "Ah, mama, siku hizi hata nyumbani nanyamaza. Koo ndiyo kazi."

Mjane akamwachia mkono.

Walipofika nyumbani alikaa kitandani na viatu vyake, akapekua simu. Wifi akamuuliza anatafuta nini.

"Sauti yake."

"Si imejaa kila mahali?"

"Yake, wifi. Alivyokuwa akiniita."

Wakatafuta pamoja. Salamu kwa mpwa wake siku ya kuzaliwa: Kwato. Pongezi kwa jirani aliyejifungua: Kwato. Video ya harusi yao ilikuwa muziki mtupu, bwana harusi anachezesha midomo, halisikiki lolote.

"Wewe ulikua naye," mjane akasema. "Niigizie. Neno moja tu. Aliniitaje?"

Wifi akafumba macho, akamtafuta kaka yake wa utotoni, kabla ya studio na kabla ya punda. Akafungua kinywa. Kilichotoka kilikuwa kile kile kisauti cha kubanwa kooni, cha kuomba radhi.

Akajiziba mdomo kwa viganja vyote viwili. Mjane aliitazama simu mpaka kioo kikazima, akailaza kifudifudi, akainama kuvua viatu.