Picha ya muke wangu ku mipira ya mbio

Muke wangu alikufa na kolera. Asubuhi alianza kutapika, mangaribi alikuwa ameisha.

Admin, ficha jina langu. Niko na miaka 43, naishi Rumonge, karibu na ziwa. Kazi yangu ni kupakia kamyo, yaani malori: mawese, ndagala zile dagaa, sima ya kujenga, chochote. Nilisoma kidogo, munisamehe kama naandika mubaya. Niko na binti wa miaka tisa na mudogo wake.

Mu kartie yetu, mu mutaa wetu, maji ya bomba hakuna, tunachota mu ziwa. Iko vijana walikuwa wanatayarisha mbio ya watu wote, ipite mu makartie ya wamasikini, watu watoe mchango wa kuweka bomba. Walikuwa wameshaitangaza muke wangu akiwa angali muzima. Tukiwa mu kilio, mukubwa wao akaja nyumbani.

"Papa, pole sana. Tunataka tukimbie kwa jina la mama."

Nikakubali. Bomba ni kitu kizuri.

Halafu akaleta mipira ya kuvaa, zile fulana za mbio, mufuko muzima. Ku kifua iko picha ya muke wangu. Anacheka, mudomo wazi.

Sasa sikilizeni. Muke wangu hakuwa na jino la mbele. Alikuwa anaona haya sana. Akicheka anaweka mukono ku mudomo. Ku picha za harusi ya mudogo wake alifunga mudomo kama mutu amekasirika. Mimi tu ndo alikuwa ananichekea bila mukono, tukiwa wawili mu nyumba. Nilikuwa najua hivyo.

Nikamuuliza ule kijana, "Hii picha mumeitoa wapi?"

"Ilitumwa ku telefone, papa. Mutu mumoja wa Magara. Alisema tusitaje jina lake."

"Mwanaume?"

Akainama, akaanza kukunja mipira.

Muke wangu alikuwa anaendaka Magara, kule ingine ku ziwa, kununua ndagala za kuuza. Siku zingine alikuwa analala kule, anasema hazijakauka. Sikumuulizaga. Ku picha, nyuma yake iko ndagala zimeanikwa. Mbele iko kivuli cha ule mwenye kupiga picha, kirefu, kimefika ku miguu yake. Kivuli hakina sura.

Mudogo wa muke wangu, ule wa harusi, alikuwa anaendaka naye Magara. Nikamuonyesha. "Shemeji, hii picha unaijua?"

"Shemeji, chai inapoa."

"Nakuuliza picha."

"Ukimujua mwenye kuipiga, utamufanya nini? Kunywa chai."

Angesema tu ni mwanamuke mwenzao, ningelala. Hakusema.

Siku ya mbio waliniweka mbele, nimevaa ule mupira. Watu wengi wakapita wanakimbia, muke wangu ku kila kifua, ile pengo inaruka-ruka. Jirani mumoja, mama wa mudomo mwingi, akapiga kelele, "Ehee, kumbe alikuwa na dirisha! Miaka yote anatuficha!" Watu wakacheka, hata wenye kulia. Mimi nilikuwa naangalia wanaume tu. Kila nisiyemujua, najiuliza: ni wewe? Mumoja akakamata mukono wangu na mikono yake miwili, "Pole, papa," hakuniangalia. Alikuwa ananuka samaki. Lakini huku kwetu nani hanuki samaki?

Nikarudi nyumbani nichome mipira yote iliyobakia mu mufuko, na ule wangu. Nikakuta binti yangu amelala na moja, imemufika ku magoti. Nikamuambia avue. Akakataa.

"Papa, hapa mama iko vile alikuwaka."

"Vile gani?"

"Anacheka. Ukienda kazini alikuwa anacheka hivyo na sisi."

Basi haikuwa mimi peke yangu. Na kama haikuwa mimi peke yangu, walikuwa nani wengine?

Ile ingine nilichoma. Ya mutoto iko.

Leo tumeganduka, tumemaliza kilio, wakwe wameenda. Mwenye kamyo amepiga telefone: tunaenda kupakia ndagala Magara. Nikitaka kuuliza watu wa kule, lazima nimuvue mutoto ule mupira niende nayo, niwaonyeshe. Vijana wamekataa kunipa ingine, hata ile picha ya ku telefone.

Nyinyi wa hii page munaficha majina ya watu, basi munajua mambo ya kufichwa. Niambieni leo leo: nimuvue mutoto, ao nipakie ninyamaze? Kesho narudi ku kazi.