Sitati, Bachela wa Kanada

Sitati Khaemba alijua ameshafika Kanada siku dereva wa lori kutoka Olenguruone alipomwambia.

Ilikuwa Jumatatu asubuhi, kwa kibanda chake cha kuchomelea nyuma ya reli, hapo Nakuru. Dereva, jina lake Kipyegon, alikuwa ameleta mlango wa lori umeng'oka. Akamwangalia Sitati vile mtu anaangalia mzimu.

"Boss, si wewe uko Kanada?"

"Kanada gani? Mimi niko hapa nakungoja uniletee hii takataka unaita mlango."

"Nimekuona kule mjini Bahati, kando ya kanisa. Bango kubwa. Uso ni huu, na hiyo pua hakuna mwingine alipewa. Imeandikwa: FUNDI SITATI SASA YUKO KANADA. WEWE UNANGOJA NINI?"

Kipyegon akatoa simu, akamwonyesha picha. Ni kweli. Sitati mwenyewe na suti ya kuazima, ile picha ajenti wake alimpiga ya faili, amekenua meno yote thelathini na mbili, na nyuma yake theluji ya kompyuta.

Sasa huyu Sitati, kama humjui, hujisifu mpaka chuma inaona haya. Aliacha shule darasa la saba, na husema ni shule ndiyo ilimwacha, kwa wivu. Babu yake alitoka Bungoma kuja kujenga reli, baba yake akachomelea hiyo reli, na yeye ukimpa vipande mbili za chuma anaziunganisha mpaka zenyewe zinasahau zilikuwa mbili. Hiyo hata maadui wake wanakubali. Mtihani wa ufundi wa serikali alipita, cheti iko ukutani kando ya kalenda. Na kule Kanada watu wa kuchomelea wanatafutwa. Kwa mkono, Sitati alikuwa tayari. Shida ilikuwa ajenti.

Huyo ajenti, Lewis, Sitati alimchagua vile watu huchagua kuku sokoni: kwa manyoya. Lewis alikuwa na tai, gari safi, na sauti ya maombi. Kabla afungue faili ya mtu, anashika pasipoti kwa mikono miwili, anafunga macho, anaiombea mpaka unasikia baridi ya ng'ambo kwa mifupa. Nani atauliza leseni kwa mtu analilia pasipoti yako?

Swali ya maana Lewis alimuuliza moja tu.

"Umeoa?"

"Nimeoa! Nilipeleka ng'ombe kumi na mbili kwa kina Nanyama. Moja ilikuwa na mimba, kwa hivyo andika kumi na tatu."

"Cheti ya ndoa?"

"Cheti ya nini? Hizo ng'ombe zilionekana na kijiji mzima."

"Ndugu yangu, Mzungu hasomi ng'ombe. Bila cheti wewe ni bachela. Na bachela anasonga haraka. Ukifika, utamwita bibi na mtoto pole pole."

Sitati akacheka, akatia sahihi. Hajaoa, hana mtoto. Nanyama hakuambiwa. Mitchelle, msichana wao wa miaka saba, pia hakuambiwa. Alipanga kuwaambia akiwa juu, akiwa mkubwa.

Basi hiyo Jumatatu, vile Kipyegon aliondoka na mlango wake, Sitati alichukua grainda yake ya kukata chuma. Nanyama alimpata akikunja waya ya stima.

"Unaenda wapi na hiyo?"

"Kwa Lewis. Naenda kukata geti yake. Ile geti ni mimi nilimtengenezea, naijua kuliko mama yake anamjua. Simu zangu hashiki, faili yangu hasemi imefika wapi, halafu anauza uso yangu Bahati kama sabuni!"

"Na ukishakata, faili itatoka kwa geti?"

Sitati akaendelea kukunja waya.

"Weka hiyo kitu chini," Nanyama akasema. "Kuna mama anaitwa Wariara, alisaidia dada mmoja wa kwaya yetu. Twende kwanza tujue uko kwa foleni gani. Kulipiza tutalipiza. Mimi mwenyewe nitakushikia waya."

Ofisi ya Wariara ilikuwa juu ya duka ya dawa za mifugo. Hakukuwa na tai hapo, wala maombi. Kulikuwa na harufu ya dawa ya kupe. Wariara aliwapa kikaratasi kabla wakae.

"Hii ndiyo namba yangu ya leseni. Tafuteni jina langu kwa orodha ya Wakanada wenyewe, kwa simu yenu, si kwa yangu. Likikosekana, mlango ni huo."

Sitati alitafuta mara mbili, akiomba likosekane, kwa sababu alikuwa anaona aibu vile kitu rahisi hivyo hakuwahi kumfanyia Lewis. Likapatikana mara zote mbili. Akaona amtege.

"Na mimi nikitaka uniandike bachela, ndio nisonge haraka?"

Wariara akaweka kalamu chini. "Hapo ningekufukuza. Mtu akificha bibi na mtoto kwa fomu, baadaye anaweza kukatazwa kuwaita. Na yeye mwenyewe anaweza kufungiwa kuingia Kanada kwa huo uongo."

Nanyama akageuza kiti mzima kumwangalia.

"Sitati. Mimi umeniandika nini?"

"Si mimi, ni kalamu ya Lewis."

"Na sahihi ni ya kalamu?"

Wariara ndiye aliongea. Alisema kama jibu ya Kanada halijatoka bado, kuna mlango umebaki wazi kidogo. Anahitaji paswadi ya ile akaunti ya mtandao yenye faili, maana Lewis ndiye anaikalia, na barua Lewis ametia sahihi kwamba yeye ndiye alimshauri Sitati aandikwe hivyo.

"Na siwaahidi kitu," akasema. "Ukweli ukichelewa unaweza kukataliwa pia. Lakini ukijipeleka mwenyewe, kuna nafasi. Wakikushika wao kwanza, hakuna. Na hiyo ndoa yenu ya kimila mwende kwa msajili iandikishwe. Leteni picha, leteni wazee. Ng'ombe zinasomeka, ni vile Lewis hajui kusoma."

Hapo ndipo Sitati alimchagua. Mtu anaweza kutusi Lewis vizuri hivyo bila kupandisha sauti, huyo ni fundi.

Lakini Nanyama alikuwa na yake ya kulipiza, na hakungoja Lewis. Hiyo jioni Sitati alifika nyumbani akapata sahani mbili mezani.

"Yangu iko wapi?"

"Bachela hujipikia," Nanyama akasema.

Wiki mzima alikula ugali ya kujisongea, nusu unga nusu moshi. Hiyo angevumilia. Ile kitu ilimmaliza ni Alhamisi, Mitchelle akinyoosha mkono: "Ankol, nipitishie chumvi." Alikuwa amefundishwa, na alikuwa ameshika vizuri. Sitati akapitisha chumvi, akatoka nje akasimama na kuku. Mtu amezoea kuchoma chuma bila miwani, na hapo akalia machozi kwa sababu ya chumvi.

Jumamosi Lewis alikuwa na semina Bahati, kwa ukumbi ya kanisa. Ukumbi ilijaa wakulima na vijana wao, kila mtu na pasipoti mkononi ya kuombewa. Sitati aliingia na ovaroli yake ya kazi, masizi mpaka masikioni, Nanyama na Mitchelle nyuma yake. Akangoja saa ya ushuhuda, maana Lewis hakosangi ushuhuda, ndiyo inamletea watu.

"Bwana asifiwe!" Sitati akanguruma.

"Amen!"

"Na tena?"

"Amen!"

Mtu akishasema hivyo mara mbili, hata askofu hawezi kumnyang'anya maiki. Lewis alijua hiyo sheria. Alibaki kukunja na kukunjua tai.

"Naitwa Sitati. Ni mimi yule wa kwa bango hapo nje. Nawasalimia kutoka Kanada! Kanada kuna vumbi kiasi, na ni nusu saa tu na bodaboda."

Watu wakaangua kicheko. Lewis akasogea. "Ndugu, hebu tuongee kando."

"Kando ni wapi, na ushuhuda haijaisha? Nanyama, simama. Watu wa Mungu, huyu ni bibi yangu, tuko miaka tisa kwa ndoa. Huyu Lewis ameambia Kanada hayuko duniani. Nanyama, uko?"

"Niko!"

"Na huyu ni Mitchelle. Kwa fomu, hajazaliwa."

Kicheko ikakatika. Mama mmoja mzee, Wangare, akasimama mstari wa mbele. "Lewis, na kijana wangu? Yeye ana watoto watatu. Umeandika ako na wangapi?" Watu wakaanza kusimama mmoja mmoja, pasipoti juu, kila mtu akidai faili yake.

"Pole pole, kuna foleni, na mimi ndiye wa kwanza," Sitati akasema kwa maiki. "Lewis, kama unaweza kuombea pasipoti mbele ya watu, unaweza kurudisha faili mbele ya watu. Paswadi. Na barua."

Maneno ya barua Wariara alikuwa ameyaandika tayari. Lewis aliandika paswadi kwa kikaratasi, kisha akainakili barua hapo juu ya mimbari, akatia sahihi. Sitati akaisoma, akamrudishia.

"Sasa isome. Na maiki. Wa nyuma hawajasikia."

Akasoma. "Mimi, Lewis, ndiye nilimshauri Sitati Khaemba aandikwe kwamba hajaoa..." Alipomaliza, Sitati akasema hajasikia vizuri hapo kwa jina. Akasoma tena.

Jumatatu Wariara alituma marekebisho, na jibu lilikuwa halijatoka. Sasa faili ya Sitati inasema mke, Nanyama, mtoto, Mitchelle, na nyuma yake kuna cheti mpya ya ndoa yenye wino haijazeeka. Viza haijatoka. Wariara bado anakataa kuahidi, na Sitati amejifunza kumpendea hiyo. Nyumbani sahani zimekuwa tatu, na ankol alirudi kuwa baba, ingawa Mitchelle akinyimwa soda anakumbuka ile jina ingine.

Pasta wa ile kanisa ya Bahati alipita kwa kibanda kumwomba amsamehe Lewis, maana jamaa ameacha hata kuja ibada. Sitati alikuwa anachomelea. Alimaliza mshono kwanza, akainua kichwa.

"Pasta, mwambie viza zetu tatu zikitoka, nitamsamehe. Moja ikikosekana, akumbuke geti yake ni mimi nilichomelea. Najua bawaba gani nilishikisha kidogo tu, ikisukumwa inang'oka."