Doa Lisilopumua

Mama Mikanda, ndivyo wodi nzima ilivyomwita, maana kazi yake ilikuwa kuwafunga wagonjwa kifuani mkanda wenye vipande vya chuma. Umeme kidogo, usiosikika mwilini hata kama mtambao wa sisimizi, huingia kwa kipande kimoja na kupimwa kwenye vingine. Kisha mashine hupiga hesabu kwa kurudi nyuma, ikikisia ndani kukoje. Hewa huuzuia umeme, maji huupitisha. Haya, wenzangu, jaribuni kujua kilichomo chunguni kwa kupapasa chungu kwa nje! Ndiyo maana mashine ina kitufe cha kulainisha picha: kikizidi, yote huwa ukungu; kikipungua, kila kosa dogo la kipimo hugeuka umbo.

Asubuhi hiyo aliyelala kitandani ni kaka yake, mchomelea vyuma. Daktari alishasema: pafu la kushoto likionyesha hewa, watamtoboa kifua tena, wajaribu kuliokoa. Lisipoonyesha, hakuna tena la kufanya, akapumzike nyumbani.

"Dada, unanifunga kama mzigo wa kuni," kaka alisema, pumzi ikimkatikia njiani.

"Nyamaza. Mzigo hausemi."

Picha ikatokea. Kulia, bluu, rangi ya hewa, inakuja na kuondoka kwa kila pumzi. Kushoto, giza totoro.

"Wifi," mke wa kaka akanong'ona, "hicho kitufe si huwa unakigeuza? Kigeuze basi."

"Hakileti hewa, wifi yangu."

"Kigeuze tu. Kwani kinauma?"

Akakigeuza, akakipunguza. Kushoto likachomoza doa la bluu, dogo kama punje ya hindi. Mke wa kaka akapiga magoti palepale. "Ipo! Hewa ipo!"

"Si niliwaambia mimi ni chuma?" kaka akatamba.

Mama Mikanda hakushangilia. "Vuta pumzi, kaka." Kulia kukajaa. "Itoe." Kulia kukapwa. Doa likabaki vilevile, limekodoa kama jicho la samaki. Akalowesha vipande upya kwa maji ya chumvi, akapima tena. Doa likahamia ukingoni, mahali pasipo na pafu la mtu yeyote.

Angeliacha, wangepata furaha ya siku moja, na kaka angetobolewa bure. Akakirudisha kitufe. Bluu ikazimika.

"Wifi, lirudishe," mke wa kaka akasema, angali magotini. "Kidogo tu. Alitazame."

Hakulirudisha. Daktari akaingia, akaitazama skrini kwa muda, kisha akavuta kiti, akakaa.