Nilitafuta mbao chini ya rangi

Sifa kwa Mungu, ambaye hunipa nguvu hata siku ambazo sizitumii vema. Mimi ni seremala wa Butembo na mzee wa kanisa. Mitumbwi ya mbao nimeitengeneza maisha yangu yote, na kanuni yetu ni moja: ukikwangua rangi kuukuu, usisimame mpaka uone mbao.

Mwezi uliopita Mama Kavira, mjane wa rafiki yangu, aliniita Kyavinyonge, kule ziwani. Mume wake alimwachia mtumbwi wa kisasa kutoka Uganda, na ndio unaowalisha watoto wake. Rangi ya chini ilikuwa imebambuka, akataka nipake mpya.

Nilikwangua nikiimba zaburi. Rangi nyekundu ikaisha, ikatokea nyeupe, laini na ngumu kama sahani. Nikadhani hiyo nayo ni rangi ya zamani. Nikazidisha patasi, nikimshukuru Mungu kwa mikono ambayo haijazeeka.

Mama Kavira alileta chai. "Papa, bado tu?"

"Vumilia, mama. Karibu nifike ku mbao."

"Mbao gani? Hii ni fibre, papa, plastiki ya nyuzi za kioo, hapana mbao! Ile nyeupe ndiyo ngozi yake ya kuzuia maji."

Akapitisha kiganja chini ya mtumbwi. Nyuzi nilizozifumua zikamchoma kama miiba midogo. Hakunigombeza. Alisema polepole, "Sasa batoto bangu batakula nini?"

Nilikuwa bado nimeshika patasi.

Wewe unayesoma, Mungu akubariki, akujalie kuuliza kabla mkono wako haujaanza kazi.