Mwanamke Aliyekaa Chini Mlangoni

Binti yangu ana tabia ya kunisogezea simu nikiwa kwenye cherehani. "Maman, ona hii," ananiambia, na hapo naonyeshwa watu wa mbali wakibishana ni sehemu gani ya filamu inayoliza kuliko zote. Bibi harusi anakimbia kwenye mvua. Mzee kitandani anashikwa mkono. Natazama kwa adabu, kisha narudi kwenye pindo langu. Si kwamba nina moyo mgumu; mimi hulia hata kwa tangazo la sabuni. Ila sehemu yangu ninayo, na haimo kwenye simu ya mtu yeyote, kwa sababu ilikuwa ikitokea Rumonge tu, mji wetu wa kando ya ziwa, kwenye chumba cha mabati nyuma ya soko, kwa mdomo wa mtu mmoja.

Mahali hapo tulipaita kwa video. Madirisha yalizibwa na plastiki nyeusi, mabenchi yalikuwa ya mbao zisizopigwa randa, na joto lilitosha kuivisha ndizi. Siku nyingine chumba kilikuwa cha wanaume na filamu zao za vita. Jumapili mchana kilikuwa chetu wanawake, na filamu ilikuwa ya Kihindi. Chini ya picha yalipita maandishi ya Kifaransa, madogo kama sisimizi, ambayo hata tuliosoma hatukuyaona kutoka kwenye mabenchi. Aliyeyaona ni mfasiri. Alikuwa fundi redio, mtu wa upande wa Uvira, akikaa ubavuni mwa televisheni na mikro mkononi, akisema maneno ya kila mtu: baba mkali, binti mkaidi, polisi, hakimu. Akipita ng'ombe, ng'ombe naye alipewa neno. Wanawake walimpenda mno, na waume zao walijua hivyo, wakavumilia.

Kaka yangu alikuwa amevuka ziwa kwenda Congo, kwenye machimbo ya dhahabu milimani nyuma ya Baraka. Alikuwa mwana pekee wa kiume wa mama, na alitaka kumjengea nyumba ya matofali ya kuchoma. Kila Ijumaa baada ya sala alipiga simu. Halafu Ijumaa ikapita kimya, na nyingine, mpaka akaja kwetu mtu wa Minago aliyekuwa akichimba naye. Akatuambia shimo liliporomoka, na waliokuwa ndani hawakutolewa. Mama alikuwa akimimina mawese kwenye chupa za kuuza. Hakuacha kumimina.

"Weye uliona mwili yake?"

"Hapana, mama. Iko chini ya udongo."

"Basi haukuona kitu. Kaa, unywe chai."

Sheikh naye alikuja, akamweleza taratibu kwamba sala inaweza kusaliwa hata kama maiti hayupo. Mama akamsikiliza mpaka mwisho. "Murakoze, sheikh," akamshukuru. "Akirudi, nitamwambia ulikuja kumuulizia."

Kwetu, mwenye msiba ndiye anayetandika mkeka na kutuma mtu aite watu. Asipoita, hakuna anayeingia na pole yake. Kwa hiyo majirani walipita getini wakitusalimu amahoro, wakaongea habari ya mvua, wakaenda zao. Na mimi je? Dada atamliaje mtu ambaye mama yake anasema yuko njiani? Nilimkasirikia mama, nasema wazi. Nilikuwa na kilio kimenikaa kifuani na hakuna mahali pa kukiweka. Usiku nilimsikia akigeuka kitandani, na asubuhi alikuwa wa kwanza sokoni, kitenge kimenyooka, akitania wateja.

Nikaona nimpeleke kwa video, apumzishe akili. Ndiyo siku tuliyoiona mara ya kwanza filamu yenye sehemu yangu.

Ni kisa cha mjane ambaye mwanawe ameenda kutafuta maisha. Nyimbo nyingi, ugomvi wa shamba, mjomba mwenye roho mbaya. Karibu na mwisho mtu anatokea barabarani, kajaa vumbi, ndevu zimefunika uso. Anasimama mlangoni kwa yule mama na kuanza kusema. Mfasiri akafungua mdomo, akatazama benchi la mbele, alipokaa mama yangu, kisha akakohoa. Nilidhani ni vumbi. Halafu akasema, kwa sauti ya chini ambayo hakuwahi kuitumia: "Mama, ni mimi. Nimerudi. Njia ilikuwa ndefu."

Chumba kizima kililia. Mama yangu, ambaye hata mtu wa Minago hakumtoa chozi, alifunika uso kwa kitenge na kulia mpaka mabega yakatikisika. Kwenye televisheni yule mama alikaa chini kizingitini, akamshika mgeni uso. Kisha wakaja majirani wamevaa nyeupe tupu. "Wamekuja kumpokea," alisema mfasiri. "Leo ni sikukuu." Tukaamini. Kwetu nyeupe ni ya Idi na ya harusi. Nani angetuambia kwamba kwa Wahindi ni nguo ya msiba? Yule mgeni aliondoka na hakuonekana tena. Mfasiri alisema ameenda kisimani kuoga, nasi tukaona ni sawa, maana alikuwa mchafu kweli.

Tangu hapo mama akawa mtu wa filamu hiyo. Alimwomba mfasiri airudie, na mfasiri, ambaye hakumnyima mama kitu, aliirudia hata wanawake wengine walipolalamika kwamba wameikariri. Sehemu ile ikifika hawakulalamika tena. Kila mmoja alitoa kitenge chake. Mimi nilikaa nyuma ya mama na kumlilia kaka yangu gizani, maana hapo tu ndipo hakuna aliyeweza kuniuliza nalia nini.

Miaka ikapita hivyo. Kisha mfasiri akaumwa, akarudishwa kwao Uvira, na mwenye chumba akaleta mwingine kutoka Bujumbura, kijana wa shati la kupigwa pasi. Alijitambulisha kwamba yeye hatii chumvi, anasoma kilichoandikwa. Jumapili yake ya kwanza akapewa filamu ya mama.

Nilianza kuhisi vibaya mapema, mjomba mwenye roho mbaya alipogeuka kuwa karani wa benki. Mtu wa vumbi alipofika mlangoni nilitamani umeme ukatike. Rumonge umeme hukatika kila siku, lakini siku hiyo ukakaa.

"Mama," alisoma yule kijana, wazi kabisa, "mimi si mwanao. Mimi ni rafiki yake. Nilikuwa naye alipokufa."

Vurugu iliyotokea! "Muongo uyo!" "Hajui Kihindi!" "Mutoe!" Mwanamke mmoja wa Gatete alivua kandambili na kumlenga nayo. Yule kijana alionyesha maandishi kwa kidole, anaapa, jasho linamtoka. Nami nilikuwa nimesimama nikimtukana kwa matusi ambayo sikujua ninayajua, mpaka nikamtazama mama. Alikuwa ametulia. Anatazama. Wale watu wa nyeupe walikuwa wakija mmoja mmoja, na safari hii tuliona sura zao.

Tulitoka kwenye jua la saa tisa, nikamshika mkono.

"Mama, usimusikilize. Huyu jeune wa Bujumbura hajui kazi."

"Anajua."

"Mama..."

"Mutoto yangu, mimi niko na macho. Tangu siku ya kwanza niliona. Yule mwanamuke alikaa chini. Mama ambaye mutoto yake amerudi, atakaa chini? Atakimbia! Atamupikia!" Akajifuta shingo. "Nilijua. Na fundi redio alijua kama najua. Nilikuwa naenda kusikia tu vile anasema. Mama, ni mimi. Hakuna mutu mwingine alikuwa ananiambia hivyo."

Miaka yote nilidhani namlinda, nakaa nyuma ya mgongo wake na siri ya kifo, kumbe sote watatu tuliibeba siri ileile. Ule uongo ulikuwa zawadi, na aliyekuwa akiutoa hakuwepo tena. Hilo liliniuma kuliko nilivyotegemea.

Nyumbani mama alisogeza madumu ya mawese ukutani. Akatoa mkeka, akautandika katikati ya sebule, akaikunjua pembe moja iliyojikunja. Akakaa chini, akanyoosha miguu.

"Enda uite watu," akasema. "Uwaambie mutoto yangu amekufa."

Nilifungua mlango nikiwa sijui nianzie nyumba ipi. Wanawake wa mabenchi yote walikuwa wamesimama getini, jua linawachoma, vitenge wamejifunga viunoni. Walikuwa wametufuata kutoka kwa video kimyakimya. Hakuna aliyebisha hodi. Walikuwa wakingoja waitwe. Yule wa Gatete alinitazama tu, kandambili bado mkononi.

Walikwisha jua, hata mtoto angeona. Lakini mama alisema niwaambie.

"Kaka yangu amekufa," nikasema, na sauti yangu ikanitoka yote.